Neno la Odile wa kwa Mshona Viatu

Kibao kilisimikwa Metty akiwa shambani anageuza majani ya ng'ombe, na wakubwa ndivyo walivyo: husubiri mwenye jambo ageuze kisogo. Aliporudi jioni na trekta alikikuta kimesimama ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake, pale kituo cha basi. Kilikuwa cha plastiki ya buluu. Hata bati hawakununua. Halmashauri ya Breidelbach, kijiji cha wasema Kiluksemburgi, ilikuwa imeamua mwaka ule kuwa na Njia ya Maneno: vibao kutoka kanisani mpaka msituni, kila kibao na neno moja la pale kijijini, ili watalii wa Kiholanzi wanaopanda mlima na fimbo mbili mbili wawe na kitu cha kusoma wakipumzika.

Metty hakuwa msomaji. Shule aliiacha siku baba yake alipovunjika nyonga, na tangu hapo alisoma bei ya maziwa na majina ya marehemu gazetini, basi. Kile kibao alikisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa midomo, mara ya tatu kwa kidole.

ODILÉIEREN, kiliandikwa. Kukawia kuondoka, kumkawiza mtu. Neno la kale la Breidelbach. Asili yake ni Mtakatifu Odile, kwa kuwa mahujaji waliokwenda kuosha macho kwenye chemchemi yake hawakupenda kurudi nyumbani.

Sisi tuseme kuodili, tusijiume ulimi; maana ni ile ile. Mgeni amekwisha kuaga, kofia iko kichwani, mguu mmoja uko nje, na bado anashikwa kwa maneno pale mlangoni mpaka miguu inaota mizizi: huyo ameodiliwa. Kijiji kizima kililijua neno hilo, na kijiji kizima kilijua limetoka wapi, maana halikuwa la kale hata kidogo. Trekta ya Metty ililizidi umri. Lilitoka kwa mke wake.

Odile huyo hakuwa mtakatifu. Alikuwa binti wa bonde la chini, mnene wa mikono, aliyeolewa nyumba ya Mshona Viatu. Pale watu huitwa kwa jina la nyumba, na nyumba hiyo haikushona kiatu tangu babu yake Metty hajazaliwa, lakini jina likishaganda ukutani halibanduki. Kipaji cha Odile kilikuwa kimoja: hakuweza kumwachia mtu aende. Ndani alikuwa mtu wa kawaida. Anakumiminia kahawa, anakukatia keki ya plamu, anakusikiliza. Lakini ukisimama tu, ukavuta koti, hapo maneno yalimfunguka kama bomba. Mnapeana busu tatu za mashavuni kama ilivyo desturi, wewe unadhani umemaliza. Yeye anakumbuka goti la shangazi yake. Goti likiisha kuna ndama. Ndama akiisha zinatakiwa busu tatu nyingine, kwa sababu zile za kwanza zimepoa. Na mtu wa Breidelbach hampi mgongo mwenye nyumba anayesema, hata nyumba yake mwenyewe ikiwa inaungua. Basi unasimama.

Neno lilizaliwa siku ya sikukuu ya kijiji, enzi za meya Aloyse, baba yake huyu meya wa sasa. Siku hiyo kila nyumba huoka, na kupita mlango wa mtu bila kuonja keki yake ni tusi linalorithiwa na wajukuu. Mchana huohuo waziri mmoja alikuwa anakuja kufungua jengo jipya la zimamoto. Meya Aloyse alionja keki mtaa mzima, na nyumba ya mwisho ikawa ya Mshona Viatu. Kahawa aliinywa amesimama, ionekane wazi kuwa ana haraka. Mkasi wa kukatia utepe ulikuwa mfukoni mwa koti lake. Akaaga. Odile akamsindikiza mlangoni.

Kule zimamoto waziri alifika. Bendi ikapiga nyimbo zote ilizozijua, ikazirudia kuanzia mwanzo. Meya hayupo, mkasi haupo. Na kwa kuwa siku ya sikukuu bendi hutembea na kondoo waliofungwa riboni shingoni, kondoo mmoja mwenye njaa alijisogeza taratibu kwenye ule utepe akaanza kuutafuna. Ukakatika. Waziri, ambaye alikuwa anatakiwa mahali pengine, alipiga makofi. Ndivyo jengo la zimamoto la Breidelbach lilivyofunguliwa na kondoo, wakati meya wa kijiji yuko upande wa pili, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine mfukoni juu ya mkasi, anasikiliza habari za goti.

Jioni baani Jos wa kwa Mhunzi, mpiga ngoma wa bendi, alisema tu, bila kucheka, kwamba meya ameodiliwa. Kesho yake neno lilikuwa midomoni mwa watoto.

Metty naye siku hiyo alikuwa ndani, mezani, anakula keki. Alisikia yote. Hakufikiria kwenda kumwokoa meya. Yeye hajawahi kumwokoa meya yeyote. Lakini neno lilimchoma. Mke wa mtu kufanywa kitendo, eti kila mwenye mdomo anamtenda! Alimkuta Jos nje ya baa akamng'oa jino la mbele kwa ngumi. Alimwagia mkojo wa ng'ombe ngazi za nyumba ya karani wa kanisa, aliyekuwa amelitumia neno katika mazishi. Mwisho alikwenda kwa meya Aloyse akagonga meza: ama neno life, ama jina la mke wake litolewe ndani yake.

Meya Aloyse alikuwa na sababu zake za kutaka watu wasahau siku ile, kwa hiyo alifurahi kuliko alivyoonyesha. Jumapili, Misa ilipotoka, alisimama kwenye ngazi za kanisa akatangaza kuwa kuodili ni neno la tangu na tangu, limetokana na Mtakatifu Odile, mlinzi wa macho, na mahujaji wake. Na kwamba Metty wa kwa Mshona Viatu ndiye aliyeomba ukweli huu ujulikane, na atakayesema vingine ajue atakutana naye. Watu wote wakaitikia kuwa wamesikia. Hapo ndipo mateso yalipozidi, maana tangu siku hiyo kila aliyetaka kulitumia neno mbele ya Metty alifanya kwanza ishara ya msalaba, kwa uso wa ibada.

Odile mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Alilitumia kuliko wote. Leo sikuodili, alikuwa akimwambia mgeni mlangoni, kisha anamshika mpaka kahawa ya pili inachemka.

Neno likishatoka halina mchungaji. Wafugaji walilipeleka kwa ng'ombe anayesimama kati ya geti, nusu ndani nusu nje. Kisha likaenda kwa jino lililolegea lisilotaka kutoka, na kwa mvua ya wakati wa mavuno, na kwa sheria zinazokaa bungeni mpaka waliozihitaji wamezikwa. Vijana walilitia kwenye simu: yule anayesema haya, haya basi, kwaheri, haya, na hakati. Wareno waliokuja kujenga barabara walilikuta, wakaliokota, na jirani yake Metty, Deolinda, alikuwa akiwafokea wanawe Kireno kitupu, katikati neno moja la Breidelbach kama kokoto kwenye mchele. Wasichana nao wakalipa utamu wao: kijana anayekuodili getini kwenu, huyo usimwache.

Metty hakulisema. Hata mara moja.

Kisha Odile akafa. Ni moyo. Metty aliwalaumu madaktari, akailaumu wizara, akailaumu na halmashauri kwa mashimo ya barabara ambayo gari la wagonjwa liliyakwepa moja moja kama linacheza dansi. Lakini lililomkaa rohoni ni jingine. Mwanamke aliyechukua mchana mzima kuagana na mtu wa kusoma mita ya maji aliondoka kati ya supu na kahawa, bila neno.

Tangu hapo mlango ule ulifunguka ukafungwa, kwisha. Hakuna aliyekawia. Walioleta pole waliaga mara moja, wakajikuta barabarani, wakatazamana kama watu waliosahau kitu ndani.

Ikawa siku moja, kwenye gari la mikate linalopita vijijini, mwanamke mmoja alimwambia muuzaji asimwodili, ameacha sufuria motoni. Metty alikuwa kwenye foleni nyuma yake. Alisimama akiwa ameshika pochi. Jina la mke wake limetajwa, mchana kweupe, na mtu ambaye hata hakumjua vizuri, kama vile Odile yuko nyuma ya ile nyumba anaanika nguo. Tangu siku hiyo Metty hakukosa gari la mikate. Alinunua mikate kuliko anayoweza kula. Kuku walinenepa.

Na sasa kibao kinasema ni mtakatifu. Watakaozaliwa watasema neno, watamtaja mwanamke aliyechorwa kwenye dirisha la kanisa. Odile atakufa tena, safari hii kwa plastiki.

Asubuhi alivaa koti la Jumapili akaenda ofisi ya meya. Meya Fernand alikuwa mtu wa bima, viatu vyake havijawahi kukanyaga kitu kilichotoka kwa ng'ombe. Alimkaribisha Metty, akamvutia kiti, akamuuliza habari za nyumbani, na Metty akajibu habari za nyumbani ndizo zilizomleta: kibao kinasema uongo.

"Uongo gani, mzee Metty?"

"Neno ni la mke wangu."

Meya alimtazama kwa huruma ya mtu mwenye karata nzuri. "Mzee, si wewe mwenyewe uliyekataa? Nilikuwa mtoto, nilikuwa nimesimama pale kwenye ngazi za kanisa. Baba alisema, Metty ndiye aliyeomba."

"Nilikuwa na hasira."

"Halmashauri ilikusikiliza."

"Na hapo ndipo penye kosa lenu," Metty alisema. "Nimeomba mtaro wa maji mbele ya ghala langu, mmeziba masikio. Nimeomba taa pale kona ya kinu, kimya. Siku moja tu katika maisha yangu naomba upuuzi, mnanipa siku ileile. Serikali gani inamsikiliza mtu mwenye hasira?"

Meya alieleza kwa upole kwamba Jumapili waziri anakuja kuizindua Njia ya Maneno, na atasimama hapohapo kwenye kibao cha kuodili, kwa sababu ndicho kilicho karibu na kituo cha basi na panatosha bendi. Hawezi kubadilisha maandishi kwa neno la mtu mmoja, tena mtu aliyesema kinyume. Lakini yeye si mtu mbaya. Mzee amletee mtu mmoja tu wa rika lake atakayekuja kusema mbele yake kwamba neno lilitoka kwa marehemu, basi atalifikiria.

Metty alitoka akiona kazi imekwisha. Mtu mmoja! Baani kulikuwa na wanane.

Walikuwa mezani pao pale pale, na bia zao, na Jos katikati yao na jino lake la bandia. Metty aliagiza bia, akaketi, akawaeleza. Aliongea vizuri kwa mtu asiyezoea.  Kisha Jos akafanya ishara ya msalaba, pole pole, paji la uso, kifua, bega na bega, na wazee wote wakafanya baada yake.

"Odile yupi?" Jos aliuliza.

"Unajua Odile yupi."

"Mimi namjua mmoja tu. Yuko kanisani, dirisha la upande wa sakristia, ameshika kitabu chenye macho mawili juu yake."

"Jos, usinichezee."

"Nikuchezee mimi? Uliponing'oa jino uliniambia nikumbuke. Basi bwana, nimekumbuka. Mtakatifu Odile, mlinzi wa macho." Aligonga jino lake la bandia kwa ukucha. "Laiti angelinda na meno."

Meza nzima ilipasuka kicheko. Mmoja alisema yeye hata alikwenda hija huko, alikawia kweli kweli. Mwingine akasema kwa ngumi za Metty dini imeenea. Walikuwa wameingoja siku hiyo miaka mingi, na haki yao. Metty aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akasimama, akaenda zake. Nusu ya bia aliiacha mezani. Jambo hilo lilikuwa halijapata kuonekana Breidelbach, na kicheko kikapungua nguvu, na Jos akaitazama ile glasi muda mrefu.

Ijumaa Deolinda alimkuta anaegemea uzio anakitazama kibao kama mtu anavyotazama paa linalovuja. Alikuwa amesikia, nani hajasikia. Alisema yeye angeenda kwa meya hata sasa hivi na aproni yake, maana Kiluksemburgi chote anachokijua alifundishwa na Odile pale mlangoni, amesimama na mifuko ya soko mpaka viganja vinakufa ganzi. Lakini watamwambia amekuja juzi.

"Ulikuja miaka thelathini iliyopita," Metty alisema.

"Kwa hawa hiyo ndiyo juzi, jirani."

 Basi likapita bila abiria.

"Lakini niambie," Deolinda alisema. "Alikuwa hatuachii twende kwa nini? Mimi nilimpenda, ila kuna siku nilipita nyuma ya ghala lenu ili asinione."

"Alipenda kusema."

"Ndani alikuwa hasemi."

Metty alifikiri. Ni kweli, ndani alikuwa hasemi.

"Hukumuuliza?"

"Nilikuwa na ng'ombe," Metty alisema.

Deolinda alimtazama kama unavyomtazama mtu anayetafuta kofia iliyo kichwani mwake, akachukua kikapu chake, akaaga. Kwa kifupi, kama wote siku hizi.

Metty hakulala vizuri, na Jumamosi baada ya kukamua alilijaza tela samadi mpaka juu. Ilikuwa ile ya chini kabisa ya lundo, iliyoiva tangu majira ya baridi. Alilivuta kuvuka barabara, akaliegesha mbele ya kibao, bega kwa bega, hata herufi ya kwanza haionekani. Akazima trekta. Ufunguo akautia mfukoni, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wake akaanza kumenya viazi.

Watu wa halmashauri waliokuwa wanapanga viti vya bendi walisogea, wakarudi nyuma. Walimpigia simu msimamizi wa barabara, akasema pale kando si barabara. Wakawapigia polisi, wakaambiwa samadi ni kilimo. Wakawapigia watu wa kilimo, simu ikaita na kuita, ilikuwa Jumamosi. Metty alimenya viazi na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona serikali inavyofanya kazi, akaipenda kidogo.

Saa za alasiri meya Fernand alikuja mwenyewe, leso puani.

"Toa tela, mzee Metty. Kesho waziri anasimama hapa."

"Litatoka. Bado linaaga."

Meya alijaribu upole, akajaribu sheria, akarudi kwenye upole. Alisema anaelewa uchungu wa mfiwa. Metty akamwambia asiuguse uchungu wake, auguse mtaro. Meya akasema yeye alikwisha toa nafasi, alitaka shahidi mmoja, na shahidi hakupatikana.

Ndipo Jos wa kwa Mhunzi alipotokea kona ya baa na ngoma yake begani, maana bendi ilikuwa inakuja kufanya mazoezi. Aliishusha ngoma mbali na tela. Alimtazama Metty, akamtazama meya, na mkono wake, kwa mazoea, ukaanza kupanda kuelekea paji la uso. Akaushusha.

"Fernand, mwanangu," alisema, "neno nililisema mimi. Mimi ndiye wa kwanza. Na nilimaanisha mke wa huyu, wala sikuwa na habari na mtakatifu yeyote. Ilikuwa ile siku ya kondoo."

Meya aligeuka rangi. "Hakuna haja ya kumtaja kondoo."

"Bila kondoo hadithi itasimama na miguu gani? Baba yako alikuwa pale mlangoni, pale anapomenyea viazi Metty, mkasi uko mfukoni, na waziri kule—"

"Kesho kuna waziri, Jos."

"Ndiyo nasema. Atafurahi."

Meya alikaa kwenye kiti kimoja cha bendi. Leso aliisahau. Alisema kwa sauti ndogo kwamba baba yake hakuwahi kupita tena mbele ya lile jengo la zimamoto. Alizungukia makaburini, kiangazi na baridi, hadi alipopelekwa makaburini moja kwa moja. Na sasa wanataka yeye, mwanawe, aliandike jambo hilo kwenye kibao cha kijiji na kulisomea waziri.

Metty aliacha kisu juu ya kiazi. Kumwaibisha meya mbele ya waziri, tena kwa maandishi ya meya mwenyewe: kitu kama hicho angekinunua kwa ng'ombe wawili wa maziwa. Kilikuwa kimelala pale mbele yake, bure. Alikitazama kwa muda. Bendi ilikuwa imekusanyika upande wa pili, watu wanapuliza kidogo kidogo kupasha tarumbeta joto, wamegeuza nyuso kwa sababu ya harufu.

"Baba yako mwache," alisema. "Na kondoo mwache. Mwandike Odile."

Jos alifungua mdomo kumtetea kondoo, akaufunga.

Meya alivuta simu haraka kabla mzee hajageuka, akasema karatasi ya kibao inabandikwa tu, atachapisha nyingine ofisini jioni hii. Akaanza kuandika kwa kidole gumba huku akisoma. "Linatokana na Odile, mkazi wa kijiji hiki, aliyekuwa na tabia ya kukawia..."

"Nani kakawia? Alikuwa wa kwanza kuamka mtaa mzima."

"Basi, aliyependa sana kuzungumza."

"Hakupenda kuzungumza. Ndani alikuwa hasemi."

"Sasa mzee wangu, niandike nini? Kama hakupenda kusema, aliwashika watu mlangoni kwa nini?"

Inzi walizunguka tela. Metty alitazama mlango wake mwenyewe, komeo lililong'aa kwa mikono ya wageni wote wale, na ndani yake giza la ukumbi, na mwisho wa ukumbi meza, na kiti kimoja kilichovutwa. Kiti chake. Pale alipokaa siku ile na keki, na siku nyingine zote.

"Mgeni akitoka," alisema, "nilikuwa nabaki mimi."

Alikichukua kisu, akakirudisha palepale.

"Na mimi unanijua. Nakula, natazama dirishani, nalala. Wewe ungemwachia mgeni aende?"

Jos alianza kuchunguza kamba za ngoma yake. Meya alikuwa ameshika simu hewani, kidole kimesimama.

"Niliandike hilo?"

"Liandike," Metty alisema. "Kuodili." Lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake, na alilitoa kwa uangalifu, kama mtu anayeshusha sahani za harusi kabatini. "Kuodili ni kumshika mgeni mlangoni kwa sababu ndani hakuna wa kuzungumza naye. Na jina lake lianze, kwa herufi kubwa: Odile wa kwa Mshona Viatu. Msibane maandishi kama mnavyobana lami."

Meya aliandika, akasoma kimya, akapiga hesabu kwa macho, akaegemea pembeni kutafuta mahali kibao kilipo nyuma ya samadi. Alisema hilo la marehemu ni zuri, hana neno, lakini ukiunganisha na maelezo ya mahujaji na chemchemi, karatasi haitatosha.

Metty alikuwa amekwisha panda juu ya trekta. Alitia ufunguo.

"Mtoe mtakatifu," alisema. "Yeye ana kanisa zima."